Nusu ya Kushoto

Mwalimu Syokau alikuwa amechoka kabla kengele ya kwanza haijalia. Haukuwa ule uchovu wa kulala vibaya, ambao ukinywa chai ya moto unakuaga. Huu ulikuwa umehamia mwilini na virago vyake vyote. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na saba, mitatu tu kabla ya kustaafu, na mitatu hiyo ilimwonekea mirefu kuliko yote iliyotangulia. Miguu ilikuwa imevimba, koo limekwanguliwa na chaki ya miaka thelathini na mmoja, na mbele yake watoto hamsini na wanne wa Gredi ya Sita walikuwa wamemkodolea macho wakingoja kupewa kitu. Akaugeukia ubao akaandika neno moja: symmetry.

"Haya. Nani atatusomea?"

Darasa zima likanguruma: "Simetili!"

Syokau akafumba macho kidogo. Shule yenyewe iko kusini mwa Kitui, kando ya barabara inayoteremka kwenda Kibwezi, na huku herufi r ni mgeni. Kikamba hakina hiyo sauti. Kila mwaka yeye huileta darasani, na kila mwaka watoto huenda nayo nyumbani kwa mama zao na kurudi bila hiyo. Lakini alikuwa na njia yake. Aliandika neno, chini yake akalikata vipande, kisha akachukua kijiti alichokiweka juu ya dirisha. Akagonga meza mara tatu, pigo la kwanza zito, mawili yaliyofuata mepesi. SI-me-tri. Nguvu yote mwanzoni, mkia unatiririka wenyewe.

"Ulimi juu, nyuma ya meno, utetemeke. Tri."

"Tli!"

"Haya basi. Mungu anawaona."

Akachukua karatasi, akaikunja katikati, akakata kwa mkasi huku akizungumza. Alipoikunjua, kipepeo. Symmetry ndiyo hii, akawaambia. Ni ulinganifu. Upande huu na ule ni pacha. Ukimkunja mmoja analala juu ya mwenzake na hakuna kinachobaki nje. Huu mkunjo wa katikati ni axis. AK-sis, gongeni na nyinyi. Hamsini na wanne wakagonga madawati, na mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani kuona kama kuna vita. Kisha Syokau akaandika symbol. SIM-bol. Ni alama inayosimama badala ya kitu chenyewe: msalaba juu ya kanisa, mwezi juu ya msikiti, alama ya ukoo kwenye mzinga wa nyuki.

Hamdi akainua mkono. Huyu alikuwa binti wa Abdiwahab, mfanyabiashara wa mbuzi aliyetoka kaskazini mashariki akafungua duka pale senta, na ndiye pekee darasani ambaye r yake ilitoka bila kubembelezwa.

"Mwalimu, babu yangu iko na symbol kwa ngamia. Haina juu na haina chini. Ngamia akilala, akisimama, hata ukiigeuza kichwa iende kwa miguu, ni ile ile tu."

"Vizuri sana, Hamdi. Hata hiyo ni symmetry," Syokau akasema, na neno hilo likapita masikioni mwake likaenda zake, kwa kuwa alikuwa akitafuta mahali pa kuketi.

Mwisho wa kipindi aliwapa kazi. Kila mtoto alichorewa nusu ya kitu upande wa kulia, nusu ya chungu, nusu ya jani, nusu ya uso wa mtu, na alitakiwa kuchora nusu ya kushoto. Vitabu hamsini na vinne akavifunga kwa leso, akajitwika begani, akashika njia ya nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na Nzioka.

Miezi kumi na minne iliyopita Nzioka alikuwa mtu wa kupanda miti. Alichonga mizinga ya magogo, akaipandisha matawini, akashuka na asali, na jioni akamkuta mkewe anasahihisha vitabu akamcheka kwamba kalamu nayo imemla vidole. Asubuhi moja alianguka kando ya tangi la maji. Kiharusi. Walimpeleka hospitali Kitui, akarudi na mkono wa kushoto uliolala kama wa mtu mwingine, mguu wa kuburuta, na ulimi mzito. Mdomo ulikuwa umeteremka upande mmoja, na Syokau, ambaye alikuwa amefundisha watoto kukunja karatasi miaka yote hiyo, aliutazama uso ule akatoka nje akalilia nyuma ya jiko. Daktari alieleza mengi siku ile. Yeye alisikia mawili tu: mkono ufanyishwe mazoezi, na mdomo ufanyishwe mazoezi.

Basi akaufanyisha. Kila alasiri, akitoka shuleni, aliketi naye barazani akamsomesha maneno ya darasani, yale yale. Neno symmetry alilipenda kwa sababu ya kazi yake: midomo inafungika kwenye m, halafu inavutwa pande zote mbili kwenye tri. Aliitazama pembe ile ya kushoto ya mdomo kama inafuata.

"Si-me-tili," Nzioka husema kwa taabu, kisha anacheka na mate yanamtoka. "Mwalimu, hata kabla nianguke, hiyo singeweza."

Syokau alikuwa akiketi upande wa kushoto wa mumewe siku zote, kwa kuwa huko ndiko alikoegemea akaanguka. Na kilichomuuma, jambo ambalo hakumwambia mtu, si mama yake wala mchungaji, ni kwamba Nzioka hakumtazama tena. Alimjibu huku macho yameenda kwenye tangi la maji, kwenye lango, kwenye kuku. Wakati mwingine, yeye akiwa ameshika mkono wake ule uliolala, Nzioka aliita kwa sauti, "Syokau yuko wapi?" Naye alijibu, "Niko hapa," akameza uchungu. Mtu unamwogesha, unamlisha, unamvuta suruali, halafu hataki hata kukuangalia usoni! Siku nyingine alimchukia. Tuseme ukweli, alimchukia, kisha akajichukia kwa kumchukia, na hiyo nayo ni kazi yenye kuchosha.

Kilichobaki cha Nzioka kilikuwa vyuma viwili. Ukoo wao, mbai kama wanavyosema wenyewe, una alama yake: mstari mmoja uliosimama, na pinde mbili zilizoupa mgongo, moja huku na moja kule. Mizinga ikipandishwa mitini kabla migunga haijachanua, ile alama ndiyo mlinzi. Mpita njia anaisoma, anajua asali hiyo ni ya nani, anaendelea na safari yake. Huku asali ni ya mwenye alama hata kama mti ni wa jirani. Na katika kila kizazi ni mtu mmoja tu anayekabidhiwa vyuma vya kuchoma alama hiyo, chuma kilichonyooka na chuma kilichopinda. Baba yake Nzioka alikuwa navyo, akampa Nzioka. Kuchoma kunataka mkono mmoja tu, na mkono mmoja Nzioka alikuwa nao. Asubuhi aliposikia msimu umefika alijikokota mwenyewe kutoka kitandani, na hilo hakuwa amelifanya tangu aanguke.

Lakini ndugu yake mdogo, Kimeu, alikuwa na maneno. Alisema mtu mgonjwa hawezi kushikilia kitu cha ukoo. Ukoo ukaamua kwamba Jumamosi wazee watakuja kuona mizinga kumi na miwili ya msimu. Ikiwa alama ni safi, vyuma vitabaki. Ikiwa mkono umeharibika, vitaenda kwa Kimeu. Nzioka alisikia, na siku hiyo hakula. Syokau alijua maana yake. Vyuma vikitoka kwenye nyumba ile, mumewe atalala chali aangalie mabati mpaka siku yake ifike.

Kila asubuhi ya wiki hiyo, kabla ya kwenda shule, alimwashia jiko la makaa, akamwekea kigoda, akamsogezea mizinga. Hakupata nafasi ya kutazama kazi. Alirudi jioni akiwa hoi, na mizinga ilikuwa imefunikwa gunia, kwa kuwa Nzioka alitaka ionekane yote pamoja siku ya Alhamisi.

Basi Alhamisi hiyo, na vitabu vyake hamsini na vinne begani, alimkuta Kimeu amesimama langoni na simu mkononi.

"Shemeji, kuja uone kazi yako."

"Kazi yangu gani?"

Gunia lilikuwa limevutwa. Mizinga kumi na miwili ilikuwa imelala kwa safu, na kwenye kila mmoja palikuwa na mstari uliosimama na upinde mmoja tu, upande wa kulia. Upande wa kushoto, mti mtupu. Syokau aliviacha vitabu vikaporomoka begani. Kwa sababu mstari na upinde mmoja wa kulia ni alama pia, na kila mtu aliijua. Ilikuwa alama ya ukoo wa baba yake yeye, Syokau, ng'ambo ya mto Athi huko Makueni.

"Miaka yote tunakaa na wewe," Kimeu akasema. "Kumbe unangoja ndugu yangu apoteze akili, halafu unashika mkono yake achome alama ya kwenu. Mizinga kumi na mbili! Si ungetuomba tu?"

"Kimeu, mimi nilikuwa shule."

"Nimetuma picha kwa group ya ukoo. Mzee Kitonga ameona. Jumamosi utajibu."

Akapanda bodaboda yake akaenda, na vumbi likabaki likimzunguka mama wa watu. Group hiyo ina watu karibu mia mbili, wengine wako Mombasa, wengine Nairobi, na hata mwanawe Mutiso, anayejaza mafuta kwenye kituo kimoja Mtito Andei, yumo. Kabla jua halijatua Mutiso alikuwa amepiga simu akiuliza, "Mama, ni ukweli?" Mtoto aliyemzaa mwenyewe, jamani, anauliza kama ni ukweli.

Alimwendea Nzioka barazani. Alikuwa ameketi, amejaa majivu kifuani, ana furaha ambayo hakuwa ameiona usoni pake mwaka mzima.

"Nimemaliza," akasema.

"Baba Mutiso, hii alama imekamilika?"

"Imekamilika. Mstari. Upinde. Upinde." Mkono wake wa kulia ulipiga hewani: katikati, kisha kulia, kisha kulia tena.

Syokau hakuelewa. Alirudi akainamia mzinga wa kwanza akapitisha kidole kwenye ule upinde mmoja. Ulikuwa umezama sana, umeungua hadi weusi wa mkaa, mara mbili ya mstari. Miaka ya nyuma Nzioka alichoma kwa mguso mwepesi, hakupenda kuumiza mti. Akaketi pale chini. Alifikiri, basi ni kweli, akili imeondoka. Na katikati ya huzuni ile, aibu gani, lilimjia wazo la kupumzika. Vyuma viende. Waite mwizi wakitaka. Sitawasha jiko tena kesho asubuhi.

Hata hivyo Ijumaa ilikuja na kazi zake. Alirudi kutoka shule, akapakua muthokoi wa mahindi na maharagwe, akamwekea Nzioka sahani kwenye meza ndogo, naye akaketi mahali pake pa siku zote akafungua vitabu. Mmoja akala, mwingine akasahihisha. Kisha Nzioka akaisukuma sahani.

"Nimeshiba."

Syokau, bila kuinua macho kitabuni, alinyoosha mkono akaizungusha ile sahani. Alikuwa akifanya hivyo kila siku. Hakukumbuka alianza lini, kama vile mtu asivyokumbuka alianza lini kufunga mlango kwa goti.

"Ala! Umeniongezea," Nzioka akasema, akashika kijiko akaendelea kula.

Na hapo kalamu ya Syokau ikasimama. Mbele yake, kwenye kitabu, palikuwa na nusu ya uso wa mtu: jicho moja, nusu ya pua, nusu ya mdomo, na mtoto huyo hakuwa amechora nusu ya pili. Upande wa kushoto ulikuwa karatasi tupu. Akaitazama sahani. Upande mmoja ulikuwa umesafishwa hadi ukang'aa, na ule mwingine, ambao hadi dakika iliyopita ulikuwa kushoto, umejaa muthokoi usioguswa. Akaitazama mizinga kwenye safu yake.

"Aiya," akasema polepole. "Aiya, Nzioka."

Mambo yakaanza kumrudia moja baada ya jingine, na kila moja lilimchoma. Ndevu zilizonyolewa shavu moja, akamwita mzembe. Kiatu cha kushoto alichokiacha kila siku mlangoni, akamgombeza. Tangi la maji, lango, kuku, vyote viko kulia kwa baraza. Mtu huyu hakuwa anakataa kutazama kushoto. Kwake yeye kushoto hakukuwepo. Jicho lilikuwa zima, lakini kichwa kilikuwa kimeifuta nusu ya dunia, na asiyejua kuna kitu hawezi kukitafuta. Alichoma mstari, akachoma upinde, akachoma upinde wa pili palepale penye wa kwanza, akaona kazi imeisha. Na yeye mkewe, mwalimu wa ulinganifu, mwenye mkasi na karatasi na kijiti cha kugonga, alikuwa ameizungusha sahani ile miezi kumi na minne bila kujiuliza hata mara moja kwa nini. Alilia hapo hapo kwenye kiti. Nzioka alisikia kilio akageuza kichwa kulia, akamtafuta kwenye tangi la maji.

Jumamosi wazee wakaja, tisa, na Kimeu wa kumi. Viti viliazimwa kanisani. Mzee Kitonga, mwenyekiti wa ukoo, mtu mnene aliyependa kofia yake ya sufu hata kwenye joto, aliketi katikati, na vyuma viwili vikawekwa mbele yake juu ya gunia, kando ya jiko la makaa. Kwa desturi wageni hula kwanza, maneno yanafuata, na hilo Syokau alilijua. Alichinja jogoo. Akawapakulia wazee wote, kisha akamletea Nzioka sahani yake mbele yao, muthokoi kulia, na paja la kuku kushoto.

Nzioka alikula taratibu. Alipomaliza upande wake akatazama sahani za wenzake.

"Ninyi mnakula kuku," akasema kwa ule ulimi wake mzito. "Mimi mwenye boma sijapewa?"

Wazee wakatazamana. Paja lilikuwa hapo, kubwa, limemkodolea. Mmoja akaguna kwa huruma, na Kimeu akanyanyua mikono kuwaonyesha, si mnaona wenyewe?

Syokau akapita katikati yao, akaizungusha sahani.

"Aa!" Nzioka akashangilia. "Kumbe ilikuwa inakuja!" Akalishika paja akaliuma.

Hakuna aliyecheka. Mzee Kitonga aliweka sahani yake chini. "Mama Mutiso," akasema, "hii ni nini unatuonyesha?"

"Mzee, sikuwa na lingine la kusema. Naomba mzinga mmoja ugeuzwe. Usibingirishwe, ugeuzwe tu pale ulipolala, kichwa kiende kwenye miguu. Halafu umwachie Nzioka."

Hakujua kama itafaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekumbuka ngamia wa babu yake Hamdi, alama isiyo na juu wala chini, akachora ile ya ukoo kwenye karatasi akaigeuza, na ilikuwa ile ile. Lakini karatasi ni karatasi. Hapa kulikuwa na mtu mgonjwa, macho ya watu kumi, na makaa yanayopoa. Vijana hawakuwepo, kwa hiyo wazee wawili wenyewe ndio waliinama wakalishika gogo, wakalizungusha, wakaliweka mbele ya kigoda. Sasa ule upinde ulioungua ulikuwa kushoto. Kulia palikuwa mti mtupu.

Nzioka aliutazama mzinga. Uso wake, ile nusu iliyokuwa hai, ukabadilika ukawa wa hasira.

"Nani ameacha hii?"

Wazee wakauinamia mzinga.

"Nauliza, nani ameacha hii kazi? Mstari tu! Nani mjinga amechoma mstari akaenda zake? Kimeu, ni wewe umeshika vyuma vyangu?"

"Mimi?" Kimeu akasema. "Kaka, sijashika."

"Lete hapa!"

Syokau akakitia kile chuma kilichopinda kwenye makaa, akayapuliza mpaka macho yakamwasha, akampa. Mkono wa kulia wa Nzioka ulikuwa ukitetemeka kila mahali, kwenye kijiko, kwenye kikombe, kwenye kifungo. Ulipoukaribia mti uliacha kutetemeka. Alikishusha chuma kwa mguso mwepesi, mara moja, moshi ukapanda, akakiondoa. Mstari katikati, pinde mbili zimeupa mgongo, moja huku na moja kule. Mzee Kitonga alisimama, akazunguka mzinga upande huu, akazunguka upande ule, akainama mpaka kofia ikakaribia kuanguka.

"Ni yetu," akasema.

Halafu akamwambia Kimeu, bila kupandisha sauti, ageuze ile mingine kumi na mmoja. Na Kimeu aliigeuza, mmoja mmoja, peke yake, shati limemganda mgongoni, huku kaka yake akichoma na kumfokea kila mara kwamba hata huu mmeuharibu, ninyi watu mna nini msimu huu. Wazee walianza kucheka sasa, kicheko cha watu waliopona ajali. Kimeu alipomaliza alipiga picha nyingine, ya mizinga kumi na miwili, akaituma kwenye group. Chini yake aliandika, "Nilikosea. Shemeji hana hatia." Hakumtazama Syokau, lakini aliandika.

"Vyuma vinabaki hapa," Mzee Kitonga akatangaza. "Nzioka atachoma. Na Mama Mutiso atakuwa akimgeuzia."

Wote wakaitikia vizuri, vizuri. Hakuna aliyemuuliza Mama Mutiso. Aliokoa vyuma vya mumewe, akaokoa jina lake mwenyewe, na malipo yake ni magogo zaidi ya kugeuza, msimu huu, na ujao, na ule mwingine, juu ya sahani, kiatu, ndevu na vitabu. Ilimjia hamu ya kucheka au ya kuketi chini katikati ya boma. Akakusanya sahani.

Jua lilikuwa bado juu wazee walipoondoka. Aliosha vyombo, akarudisha viti vya kanisa hadi langoni ambako mkokoteni ulivingoja, akawawekea kuku maji. Kisha akaenda barazani, penye kiti chake, upande wa kushoto wa Nzioka, mahali alipokaa miezi kumi na minne akimkinga asianguke. Alisimama akakitazama. Akakibeba, akazunguka nacho mbele ya magoti ya mumewe, akakiweka upande wa kulia, kati yake na tangi la maji. Akaketi.

Nzioka alishtuka. Alimtazama usoni, machoni, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya tangi, na hakuyaondoa macho yake.

"Syokau!"

"Ee."

"Umetoka wapi wewe?"

"Nilikuwa hapa tu."

Aliendelea kumtazama. Aliziangalia nywele zake, zilizoota mvi nyingi bila yeye kuziona. Akaangalia mashavu, akashuka hadi kwenye miguu iliyovimba ndani ya malapa, akarudi tena usoni. Ule mdomo mzito ukahangaika kidogo kabla ya kutoa neno.

"Umechoka," akasema.

Kwa miezi yote hiyo hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo. Syokau alifungua mdomo kujibu kwamba hapana, ni kawaida, kazi tu.

"Nimechoka," akasema. "Nimechoka sana, Nzioka."

Nzioka akanyoosha mkono wake wa kulia, mzima, wenye majivu kwenye kucha, akaushika wake. Vitabu vilikuwa vingali kwenye leso, vingine havijasahihishwa, na hakuvigusa mpaka Jumatatu.